Kitasa

Mwaka sabini na nane tulipanga foleni moja,
mimi na Nyange, hatujuani,
tiketi shilingi mbili, viti vya mbele vya mbao,
na mkanda ulikatika mara mbili, watu wakapiga miluzi
kana kwamba mwanaanga yule angewasikia
huko alikokwama, peke yake, kwenye sayari ya vumbi jekundu.

Steringi hafi. Hilo kila mtoto wa Ngamiani alilijua.
Lakini huyu hakufa wala hakupona.
Alitembea siku arobaini akaukuta mlango
umesimama jangwani, hauna ukuta, hauna nyumba.
Akashika kitasa.
Basi.
Pazia likawa jeupe, taa zikawaka.

Watu wakadai hela zao.
Mimi nimeganda kitini,
na kijana wa kando, mwenye grisi kwenye kucha,
akaniuliza kama tuliyelelewa pamoja:
"Dada, nyuma ya mlango kuna nini?"
Nikamwambia: mlango mwingine.
Akasema: la. Kuna kwao.

Tulibishana hadi Barabara ya Kumi na Mbili,
yeye akikokota baisikeli yenye pancha,
na shehe alipokuja kutuozesha
alihalalisha ubishi tu.

Tumebishana nikiwa na mimba, nikiwa na homa,
tumebishana mwaka kiwanda cha mkonge kilipomtema
na barua ya mistari mitatu.
Usiku tuliorudi kumzika kitinda mimba wetu
hatukuwa na neno la kupeana.
Akaninong'oneza gizani: "Bado unasema mlango mwingine?"
Nikasema: leo, nasema kwao.
Leo tu.

Juzi Kombo, mjukuu, kaja mbio:
"Bibi! Ile picha yenu wametoa sehemu ya pili!"
Nyange akanyoa ndevu. Mimi nikatoa doti mpya sandukuni.
Kibanda umiza cha Mabawa, elfu moja kila kichwa,
feni moja, nayo inamtazama mwenye kibanda.

Wallahi, bora wasingetoa.
Mwanaanga yule, ambaye sasa ni mzee kutuzidi,
wamempaka ujana kwa kompyuta,
uso laini kama yai la kuchemsha, na ndani ya macho hamna mtu.
Makombora. Mizaha kila dakika mbili.
Binti fulani, sijui wa nani, anayajua yote.
Kisha wakaufungua.
Hivihivi, kama mtu anayetafuta maji kwenye friji.
Nyuma yake kulikuwa na maabara,
na bwana wa koti jeupe akaeleza,
akaeleza,
akaeleza kwa ramani.

Tumefunzwa kuziba ufa tusije tukajenga ukuta.
Hawa wameziba ufa tuliokuwa tukichungulia.

Tulirudi nyumbani kila mtu na kandambili zake.
Kombo akauliza, "Si nzuri?" Babu yake akamjibu, "Ina rangi."
Wali ukapoa. Siku ya pili, kimya. Ya tatu,
nikamwona Nyange anapanga spoku kwa urefu wake,
kazi ambayo haina haja,
nikajua tumeibiwa, na mwizi hana mlango wa kugongewa.

Usiku wa nne, adhana bado,
mkono ukanitikisa bega.
"Mama Mwanasha.
Kitasa cha kwanza kilikuwa upande wa kushoto.
Hawa wamekiweka kulia.
Siyo mlango ule. Wamefungua mwingine."

Nikakaa kitako.
Nakumbuka vizuri kama yeye: kushoto, shaba, kimechubuka.
"Umezeeka," nikamwambia. "Kilikuwa kulia tangu mwanzo."

Akawasha taa.
Akavuta stuli.